Shangwe Ilipopakwa Nyeupe

Abdiel Mbise alijua kulidanganya jicho la mteja, na kazi hiyo aliifanya kila asubuhi kabla milango ya Shangwe Supamaketi haijafunguliwa. Aliyavuta makopo mpaka ukingoni mwa shelfu, akayapandisha mawili mawili, lebo zikitazama njia, na nyuma yake hakukubaki kitu. Mteja aliyepita na toroli aliona ukuta wa nyanya za kopo. Hakujua kwamba akichomoa moja tu, mkono wake ungepita mpaka kwenye bati la nyuma bila kugusa chochote.

Zamani ufundi huo ulikuwa wa kuziba pengo la siku moja, mzigo ukichelewa njiani kutoka Dar. Sasa ulikuwa ndio duka lenyewe. Safu ya tatu, ambayo enzi zake ilikuwa na biskuti mpaka mtoto anachanganyikiwa, ilijaa chumvi mwanzo hadi mwisho. Chumvi ya kampuni moja, pakiti za ukubwa mmoja. Safu ya tano ilikuwa maji ya kunywa na tishu za chooni. Friza mbili kati ya nne zilizimwa tangu Pasaka, na juu yake Abdiel alikuwa amepanga ndoo za plastiki ili ionekane kwamba ndivyo ilivyopangwa. Watu wa Arusha si wajinga. Waliingia, wakanunua chumvi, wakaenda kununua vilivyobaki kwingine.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo ilikuwa imekwishia humo ndani, katika jengo lile la karibu na uwanja wa mpira, Kaloleni. Aliingia akiwa mbeba magunia. Akapanda pole pole mpaka akawa msimamizi wa shelfu, cheo kilichompa koti la kijani, kalamu mfukoni na maumivu ya magoti. Mameneja tisa alikuwa amewapokea, wanane akawaaga. Mmoja alihamishia sabuni mlangoni, aliyemfuata akazirudisha nyuma, wa tatu akauliza ni nani mwenye akili aliyeziweka huko. Abdiel alizibeba safari zote tatu.

Katika miaka hiyo duka lilikarabatiwa mara mbili. Mara ya kwanza waliweka marumaru na vioo vikubwa. Mara ya pili wakaleta tanuri la mikate, na harufu yake ikawa inafika mpaka uwanjani, watu wakitoka kwenye mechi wanapitia mkate wa moto. Na mara zote mbili, kabla ya ukarabati, ulivuma uvumi kwamba Shangwe inafungwa. Mara zote mbili Abdiel aliwaambia wenzake watulie, na mara zote mbili ikawa kama alivyosema. Balaa lilianzia hapo. Mtu akipatia mara mbili, watu wanaanza kumwona nabii, naye mwenyewe hawakatazi sana. Wafanyakazi wa Shangwe walimwuliza Abdiel kuhusu bima ya afya, kuhusu mchumba, kuhusu dawa ya kuku anayehara. Alikuwa pia mzee wa kanisa huko kwao mlimani, kwa hiyo kujibu maswali lilikuwa jambo alilolizoea. Kila aliyeuliza aliondoka na jibu.

Mafundi rangi walikuja katikati ya Novemba, Jumatatu, wawili, wakiwa na ngazi, ndoo na redio ndogo. Gerson, yule meneja wa tisa, kijana aliyetumwa kutoka makao makuu Moshi, aliwaonyesha ukuta wa kuanzia, kisha akaingia ofisini kwake na simu sikioni. Hakumwambia mtu kitu. Wafanyakazi walitazamana, halafu, kama kawaida, wakamtazama Abdiel.

Abdiel alikuwa anatabasamu. Ilikuwa muda mrefu hajatabasamu humo ndani.

Ni lazima ieleweke alikotokea. Abdiel alizaliwa katika kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, huko Poli, upande wa mlima unaotazama Tengeru, katikati ya migomba na kahawa. Alipooa alijenga hatua arobaini kutoka mlangoni kwa baba yake, na baba yake naye alikuwa amejenga hivyo hivyo. Makaburi ya babu na bibi yako nyuma ya zizi. Tangu azaliwe hajawahi kulala hata usiku mmoja katika chumba cha kupanga. Na huko kwao, rangi ina msimu wake. Desemba inapokaribia, kila mwenye nyumba anatafuta brashi. Wenye uwezo wanapaka kuta, wasio nao wanapaka chokaa mawe ya njiani, kwa sababu watoto wanarudi, kutoka Dar, kutoka Mwanza, kutoka kila walikotawanyikia, na hakuna anayetaka mkwe aje akute nyumba imefubaa. Huko mlimani, nyumba ikipakwa rangi maana yake kuna watu wanatarajiwa. Abdiel alipoiona ile ndoo ya kwanza ikifunguliwa, moyo ulimtulia kabisa. Shangwe ilikuwa inasubiri watu.

"Wanakarabati," aliwaambia wenzake. "Mara ya tatu hii. Mmesahau?"

Saa nne ya siku ya pili, wakati wa chai, Nancy alimfuata nyuma kwenye mlango wa mizigo. Nancy alikuwa keshia wa kaunta namba mbili, miaka minane sasa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye binti wa darasa la tatu. Alikaa chumba kimoja huko huko Kaloleni, dakika saba kwa miguu. Katika wafanyakazi wote yeye ndiye ambaye Abdiel alimpenda zaidi, kwa kuwa alikuwa mkimya na hakuwahi kukosea hesabu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekunja uso?"

"Prisca kanipigia. Ile supamaketi mpya ya Sakina, pale barabara ya Nairobi, wanafungua Desemba tarehe mosi. Anasema nafasi ya keshia ipo, ila anataka jibu kabla ya Ijumaa."

"Prisca huyu aliyeondoka hapa bila hata kuaga?"

"Huyo huyo. Ni msimamizi kule sasa."

Abdiel alipuliza chai yake. "Na wewe umeona nini mpaka ukimbie?"

Nancy aligeuka akatazama ndani, kule ambako fundi mmoja alikuwa juu ya ngazi. "Nimeona rangi, baba."

"Rangi ndiyo inakukimbiza?"

"Mimi nimekulia nyumba za kupanga. Mama katuhamisha mara saba kabla sijamaliza shule. Sokon One, Ngarenaro, tukarudi Sokon One, mwisho hapa. Nikimwona tu mama kaleta ndoo ya rangi, najua wiki hiyo tunafunga magodoro. Mwenye nyumba hakuachii uondoke mpaka ukuta uwe msafi. Halafu angalia, wanapaka nyeupe. Shangwe si ni ya kijani?"

Abdiel alicheka, si kwa dharau, alicheka kama baba anavyomcheka mtoto aliyeogopa kivuli. "Nyeupe ni ya chini, mwanangu. Kijani huwezi kukipaka juu ya ukuta mchafu. Inatangulia nyeupe, inakauka, halafu ndiyo inakuja yenyewe. Hata nyumbani kwangu nilifanya hivyo."

Nancy aliendelea kumtazama fundi.

"Sikiliza. Hili duka nimeliona likikata roho mara mbili, na mara mbili limeamka. Anayefunga duka hatoi pesa kununua rangi, atainunua ya nini? Unakwenda Sakina kuanza moja, miezi mitatu ya kuangaliwa kama unafaa, nauli kwenda na kurudi, na mtoto akitoka shule nani anampokea? Hapa binti anakuja mwenyewe kwa miguu. Kaa. Nakuambia kama ambavyo ningemwambia mwanangu wa kumzaa."

"Una hakika, baba?"

"Kama ninavyokuona hapo."

Sasa tuseme ukweli, kwa kuwa yeye wakati ule hakuusema. Abdiel hakuwa na hakika yoyote. Hakuna aliyemwambia neno. Ofisi ya Gerson ilikuwa hatua ishirini kutoka pale alipokaa na kikombe chake, mlango uko nusu wazi, na swali lenyewe ni fupi: hii rangi ni ya nini? Hakwenda kuuliza. Mzee wa miaka ishirini na sita kazini akienda kumwuliza kijana wa miaka miwili, watu wataona kwamba hajui, na hilo lilimwia zito kuliko gunia lolote alilowahi kubeba.

Alhamisi jioni Nancy alimpigia Prisca akamshukuru, akamwambia atabaki. Siku ya pili yake alimweleza Abdiel, naye akamgonga bega kidogo. Alirudi kwenye shelfu zake akijisikia mtu wa maana, na jambo hilo lingekuja kumwuma baadaye kuliko yote mengine.

Nyeupe ikakauka. Kijani hakikuja.

Mafundi walimaliza ukumbi wa mauzo, wakahamia stoo, kisha chooni, kisha wakapaka hata dari ambayo tangu duka lifunguliwe hakuna aliyewahi kuinyanyulia macho. Kila walipopita paling'aa, na chini ya mng'ao huo zile pakiti za chumvi zilionekana kuukuu zaidi. Wiki ya pili ya Desemba waliteremsha bango la nje, ikasemwa linakwenda kuoshwa. Tanuri la mikate nalo likapakiwa kwenye gari, ikasemwa linakwenda kutengenezwa. Watu waliendelea kumwuliza Abdiel, naye akaendelea kujibu. Kijani kinatoka Moshi. Kijani kimekwama, si mnajua sikukuu zilivyo. Alivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kuamini, maana masikio ya kwanza kuyasikia maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Nancy peke yake ndiye aliyeacha kuuliza. Alikaa kwenye kaunta yake, akipiga mashine kwa wateja wawili watatu wa saa nzima, na Abdiel akapenda kuamini kwamba ametulia.

Krismasi ikafika, na huko Poli nyumba ya Abdiel ikajaa. Eliya, mwanawe mkubwa, alikuja kutoka Dodoma na mke na watoto watatu. Mbuzi alichinjwa. Baada ya ibada walikaa nje chini ya mibuni, kila mtu na bakuli lake la loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, watoto wakikimbizana kati ya migomba. Mama yake Eliya, Eunike, aliyeona kila kitu katika nyumba ile kabla hakijatokea, alimshika mwanawe mkono akaugeuza.

"Kucha zako zina nini, mwanangu? Umekuwa fundi?"

Eliya alicheka. "Rangi hiyo, mama, imegoma kutoka. Si nilikuambia tunahama? Tumehama wiki iliyopita, tumepata nyumba karibu na ofisi. Sasa mkataba wa ile ya zamani unasema unakabidhi nyumba imepakwa rangi. Fundi aliniringia, nikapaka mwenyewe. Siku tatu nzima."

"Na wewe uliikuta imepakwa?" Eunike aliuliza.

"Wapi. Niliikuta imechoka kama viatu vya mgambo. Lakini kuondoka lazima upake. Ndivyo mjini ilivyo."

Abdiel alikuwa na kijiko kinywani. "Rangi gani?" aliuliza.

"Baba?"

"Ulipaka rangi gani?"

"Nyeupe. Ya kukabidhi huwa nyeupe. Anayekuja ataweka anayoitaka yeye."

Abdiel aliliweka bakuli chini. Alijaribu kumeza, loshoro ikamkataa. Kuta zote za Shangwe zilimjia, ukumbi, stoo, choo, dari, na akamwona Nancy amesimama kwenye mlango wa mizigo akimweleza jambo lile lile, kwa maneno karibu yale yale, naye akicheka.

"Baba Eliya, umekabwa?" Eunike aliuliza.

"Sijakabwa."

Aliogopa. Aliogopa kama hajaogopa tangu baba yake alipougua, na juu ya hofu ile ilikaa aibu, mbichi, ya mtu aliyefundishwa na mtoto. Alinyanyuka akaenda kusimama nyuma ya zizi peke yake mpaka walipomwita kula nyama. Hakuila kwa raha.

Siku duka lilipofunguliwa tena baada ya sikukuu, Abdiel hakugusa shelfu. Alikwenda moja kwa moja ofisini. Gerson alikuwa amekaa katikati ya maboksi ya mafaili, ndevu zake za siku tatu, macho mekundu. Abdiel alikuwa amejiandaa kukasirika, lakini ni vigumu kumkasirikia mtu aliyechoka kuliko wewe.

"Hii rangi ni ya kukabidhi jengo," Abdiel alisema. Hakuuliza.

Gerson alimwangalia. "Mzee Mbise, funga mlango."

Abdiel akaufunga.

"Mwisho wa Januari. Mwenye jengo anataka nyumba yake kama alivyotukabidhi. Barua zenu zinakuja tarehe kumi. Babati walishafunga tangu Oktoba, Moshi linabaki moja. Nimekatazwa kusema, wanaogopa watu wakijua wataacha kazi kabla mzigo haujaisha." Alijisugua uso. "Lakini mzee, mimi nilijua unajua."

"Mimi?"

"Si ulikuwa unawatuliza watu? Nilisikia ukiwaambia kijani kinatoka Moshi. Nikasema, huyu mzee Mungu ambariki, ananibebea mzigo. Desemba nzima hakuondoka mtu hata mmoja. Umenisaidia sana."

Gerson aliyasema hayo kwa moyo safi kabisa, na ndiyo maana yalimchoma. Abdiel alishukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akatoka. Kaunta namba mbili ilikuwa na mtu mwingine. Nancy alikuwa na zamu ya mapumziko. Abdiel alilivua koti la kijani, akalitundika kwenye msumari wa stoo, akatoka kwa mlango wa mizigo bila kuomba ruhusa. Katika miaka ishirini na sita ilikuwa mara ya kwanza.

Alikwenda Sakina. Alijiambia kwamba nafasi huenda bado ipo, kwamba sikukuu huchelewesha mambo, kwamba akifika mwenyewe, mtu mzima, akaomba kwa unyenyekevu, hawatamrudisha mikono mitupu. Supamaketi mpya ilikuwa imekaa kando ya barabara, kati ya gereji na kituo cha mafuta, na ndani kulikuwa na mwanga wa kumwumiza macho. Alipita safu ya kwanza. Bila kukusudia alisimama mbele ya nyanya za kopo, akaingiza mkono katikati ya makopo mawili. Nyuma ya kopo kulikuwa na kopo, na nyuma yake jingine, mpaka mwisho wa mkono wake. Aliutoa haraka, asije akaonekana mwizi.

"Shikamoo baba Abdiel."

Ni Prisca, mwenye sketi nyeusi na beji, amenenepa kidogo. Abdiel alikuwa amejiandaa kukutana na kiburi, akakuta binti anamshika mkono kwa mikono miwili.

"Marahaba. Mwanangu, nimekuja kwa ajili ya Nancy."

Prisca aliyaelewa yote kabla hajamaliza. Habari za Shangwe zilikuwa zimeshafika Sakina. Inaelekea zilikuwa zimefika kila mahali isipokuwa Shangwe.

"Baba, nafasi ilishachukuliwa. Binti mmoja wa Ngaramtoni. Nilimsubiri Nancy hadi Jumamosi, nikidhani atabadili mawazo."

"Hata ya kupanga shelfu? Hata usafi?"

"Zote zimejaa. Wanaokuja kuomba hapa kila siku huwezi kuwahesabu." Alisita. "Nilimwuliza siku ile, mbona unakataa. Akaniambia, baba Abdiel amenihakikishia."

Abdiel alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubaliana na jambo. Prisca alimpa namba yake ya simu, akamwambia kukitokea lolote atapiga. Wote wawili walijua watu husema hivyo ili waweze kuagana.

Jua lilikuwa bado kali alipofika Kaloleni. Alikuwa hajawahi kufika kwa Nancy, ilibidi aulize. Nyumba ilikuwa na vyumba nane vinavyotazamana, uwanja mdogo wa saruji katikati, kamba za nguo kila upande. Nancy alikuwa ameinama kwenye beseni anafua sare za shule. Binti yake alikuwa kizingitini anachora kwenye daftari. Nancy alipoinua kichwa akamwona mzee amesimama pale bila koti lake la kazi, mikono yake ilisimama ndani ya povu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Hakumkaribisha kukaa. Alimtuma binti dukani akanunue sabuni, ingawa sabuni ilikuwepo. Mtoto alipotoka, Nancy akarudi kufua.

Abdiel alikuwa amepanga maneno tangu Sakina, maneno mazuri, yenye utangulizi. Alipoyatafuta hakuyaona. "Duka linafungwa," alisema. "Mwisho wa Januari. Rangi ilikuwa ya kukabidhi, kama ulivyosema."

Nancy alikamua shati, akalitundika, akalinyoosha mikono.

"Nimetoka Sakina," Abdiel aliendelea. "Nimeonana na Prisca. Nafasi imekwenda. Nimeomba hata ya usafi."

"Umeniombea usafi."

"Nimeomba chochote, mwanangu."

Nancy alichukua shati jingine. Alifua muda mrefu, sehemu ile ile ya kola, na Abdiel akaendelea kusimama. Magoti yalikuwa yanamwuma na hakuthubutu kuegemea ukuta. Chumba cha jirani mtu alikuwa anakaanga vitunguu.

"Mimi niliijua ile rangi," Nancy alisema hatimaye. Hakupandisha sauti. "Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Nikakuuliza una hakika. Kwa sababu nilisema, labda yeye ameambiwa ofisini. Huyu ni mtu mzima, ni mzee wa kanisa, hawezi kunifunga kamba." Aliliacha shati ndani ya maji. "Ulikuwa umeambiwa?"

"Hapana."

"Hakuna mtu aliyekuambia kitu?"

"Hakuna."

"Ungesema tu hujui, baba. Ungesema sijui, mimi ningekwenda Sakina."

Hilo lilimkata maini. Angependa atukanwe. Angependa Nancy apige kelele mpaka majirani watoke, yeye apate kuinamisha kichwa mbele ya watu na mambo yaishe. Lakini Nancy hakuwa mtu wa kelele, na kwa kweli hakukuwa na cha kubishania. Kila alichosema kilikuwa sawasawa, kama hesabu zake za jioni.

"Nisamehe," Abdiel alisema.

Nancy hakusema amemsamehe. Alikausha mikono kwenye kanga, akakaa kwenye kizingiti pale mtoto alipokuwa, akakunja magoti. Alionekana amechoka mno, uchovu wa mtu anayeona mbele yake kuhama kwa mara ya nane.

"Wifi yangu yuko Karatu," alisema, akitazama beseni. "Kuna kambi ya watalii, wanatafuta mtu wa kukaa kwenye duka lao. Aliniambia tangu mwezi wa kumi. Ni kulala huko huko, kurudi mara moja kwa mwezi. Binti nimwache kwa mama, Sokon One. Mama macho hayaoni vizuri siku hizi. Wanataka jibu keshokutwa."

Abdiel aliliona daftari la binti limebaki kizingitini.

"Nikikaa hapa nikasubiri, labda kitatokea kitu mjini. Labda hakitatokea, na kodi ya chumba inaisha Februari." Aliinua macho. "Wewe unaonaje? Niende?"

Hakuweza kujua kama anamjaribu au anauliza kweli. Uso wake haukuonyesha. Na majibu, kwa mazoea ya miaka mingi, yalianza kumjia yenyewe, na yote yalisikika vizuri. Kwamba mtoto wa darasa la tatu anahitaji mama kuliko anavyohitaji viatu. Kwamba kazi ya watalii ni ya msimu. Au kinyume chake, kwamba mwezi si mrefu, kwamba bibi atajikaza, kwamba Mungu hufungua njia. Angeweza kuanza na lolote kati ya hayo, na sauti yake ingetoka nzito na tulivu, sauti ile ile. Alifungua mdomo.

"Sijui," alisema. "Sijui, mwanangu."

Ilikuwa ngumu kulitoa neno hilo, na lilipotoka lilikuwa dogo sana. Alisimama akisubiri kuona linamfanya nini Nancy. Nancy alimtazama muda mrefu, macho hayapepesi, na Abdiel akajizuia kuongeza neno lolote la kuliremba.

Kisha Nancy alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda. Alikiweka kivulini, mbali kidogo na maji ya kufulia.

"Basi kaa, baba," alisema. "Tufikirie."

Abdiel akakaa, naye Nancy akarudi kizingitini.